Aliyekaa Nyuma ya Mwimbaji

Kama ulitaka kumkasirisha jirani yangu, ulimwuliza tu nani anaimba. Alikuwa ananyanyua sindano kwenye santuri taratibu, anaiweka pembeni, halafu anakutazama kama umeingia msikitini na viatu. "Jina la mwimbaji limeandikwa pale katikati," alikuwa anasema. "Kasome mwenyewe. Mimi nakuuliza nani yuko nyuma yake." Na kama hujui, na hakuna mtu aliyekuwa anajua, anarudisha sindano mwanzo, mnaanza upya, na chai inapoa.

Santuri zenyewe zilikuwa za bluzi ya Chicago, zile za zamani. Za watu weusi waliotoka mashambani kusini mwa Marekani, wakaenda kaskazini kutafuta kazi za viwandani, wakachomeka magitaa yao kwenye umeme ili wasikike ndani ya vilabu vyenye kelele. Alizikusanya moja moja kutoka maduka ya mitumba ya hapa Toronto, nyingine zimekwaruzwa mpaka zinalia kama mafuta ya kukaangia. Sijui alianzaje. Nilipomwuliza, aliniambia siku yake ya kwanza kuzisikia alidhani anawasikia watu wa nyumbani waliopotea njia. Hayo ndiyo majibu yake, ukitaka mengine utafute mwenyewe.

Tuliishi ghorofa moja kule Weston, mlango wake umepakana na wangu, ukuta wa chumba chake cha kulala ndio ukuta wa jiko langu. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, yeye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Anayejua mambo hayo ameshaelewa tuliishije. Sisi na wao ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi, aseme atakalo. Asubuhi tukikutana kwenye lifti nilikuwa namwuliza leo anabeba mzigo wa Mzungu gani. Ananijibu kwamba Wazaramo hawawezi kuuliza habari za kazi, wakaulize habari za ngoma. Watu wa lifti, Wajamaika na Wasomali na yule mama wa Kireno, walidhani tunagombana. Mke wa msimamizi wa jengo aliwahi kuniuliza faraghani kama nahitaji msaada.

Alikuwa mtu mfupi, masikio makubwa, na miaka yote niliyomjua alivaa koti moja lenye mistari inayong'aa. Lilikuwa koti la kazi. Alisafisha vyoo vya uwanja wa ndege mpaka akastaafu, na koti hakulirudisha. Akienda msikitini Ijumaa, analivaa juu ya kanzu. Nilimwambia anaonekana kama imamu wa barabara kuu, akasema angalau magari yanamwona, mimi hata mume hakuniona. Siku hiyo nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi, maana mume wangu kweli alikuwa ameondoka na hakuna mwingine ambaye angethubutu kunitania kwa hilo.

Swala tano hakuacha. Pombe hakuigusa tangu afike Canada, ingawa zamani, kwa maneno yake mwenyewe, alikunywa hata ya mwenzake. Nikamwuliza, sasa hizi nyimbo za vilabu vya walevi zinakaaje na swala. Akasema yeye hasikilizi kilabu, anasikiliza watu walio kazini. Na ni kweli, alivyokuwa anazisikiliza ilikuwa kama msimamizi anayepita kukagua. Alimjua mpiga ngoma aliyekuwa anapunguza nguvu kila mwimbaji akivuta pumzi. Alimjua mpiga piano aliyepewa nafasi ndogo tu mwishoni, na namna alivyoijaza haraka kabla hawajamzima. "Huyu alirudi nyumbani amekasirika," alikuwa anasema. "Siku nzima studio, na kumbe walimtaka kwa kitu kidogo hivi."

Lakini wa moyoni mwake alikuwa mpiga gitaa la ridhimu, lile gitaa linalokaa nyuma na kushikilia mdundo wengine wakijionyesha. Kwenye santuri kadhaa alikuwapo mmoja ambaye kila mstari aliingia akiwa amechelewa, kidogo sana, huwezi kusema amekosea. Mimi sikumsikia mpaka mwaka wa pili. "Anachelewa makusudi," jirani aliniambia. "Anamwacha mwimbaji atangulie, halafu anamdaka. Wewe unadhani mwimbaji anasimama mwenyewe." Nilipomsikia mara ya kwanza, bila kuonyeshwa, yule mzee alinikatia kipande cha keki kikubwa kuliko chake, jambo ambalo Mnyamwezi halifanyi hivihivi.

Zilikuwapo pia santuri alizozitenga, anaziweka karibu na kitanda. Kwenye hizo kuna watu waliopiga kwa majina ya uongo. Alinieleza habari zao mara nyingi. Mpiga kinanda cha mdomo amefungwa na mkataba wa kampuni hii, rafiki yake anarekodi kwenye kampuni ile, anaitwa akamsaidie. Anakwenda. Wakiuliza jina, anataja la binamu yake, au jina ambalo halina mwenyewe. Santuri inatoka, watu wananunua, na aliyepiga anatembea barabarani hajulikani. Miaka inapita ndipo watu wanaulizana, wanakwenda kwa wazee waliokuwapo, na wazee wanasema hapana, yule hakuwa yule, alikuwa fulani. "Jina utadanganya, Mama Neema," alikuwa anasema akijigusa kifua. "Pumzi utaidanganyaje?" Wakati ule nilidhani anazipenda tu kwa ajili ya hadithi.

Gitaa alikuwa nalo. Lilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na akifunga mlango ndipo alipolipiga, pamoja na santuri, ile sehemu ya nyuma tu. Kupitia ukuta wa jiko nilimsikia miaka na miaka nikipika. Mwanzoni nilidhani santuri ina magitaa mengi, kumbe moja lilikuwa lake. Naye alichelewa. Kidogo, kila mstari, mpaka mkono wangu ukazoea, nikikoroga ugali nilikuwa namsubiri aingie ndipo nizungushe mwiko.

Hapa ndipo alipokuwa ananitia hasira. Mwezi mzima analalamika kwamba hakuna anayejua kwamba yeye ni mpigaji, kwamba watoto wa siku hizi wanamwita mzee wa vyoo. Sasa Watanzania wakiandaa sherehe yao wanamwomba aje na gitaa, na yeye anasema hapana, mwiteni mwimbaji. Vijana wakitoa simu wamrekodi, anageuza uso. Nilimwambia waziwazi, mzee, wewe unataka kujulikana huku umejificha chini ya kitanda. Akasema, "Aliyezoea nyuma, mbele kuna upepo." Nilitamani kumtia kofi.

Alikuwa na binti mmoja. Mama yake aliachana na mzee huyu mtoto akiwa mdogo, wakahamia Scarborough, na binti akakua huko akimwona baba kwa zamu. Nilipomfahamu alikuwa tayari mtu mzima, ana kazi ofisini mjini, na kila Jumapili ya pili alikuja na vyakula ndani ya vyombo vya plastiki, kila chombo kimeandikwa siku ya kuliwa. Alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, kama wengi waliokulia hapa. Nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili tu.

Binti hakuwa mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana nilivyosimulia kuna watu wamemlaumu. Alikuwa amechoka. Utoto wake wote baba alimwahidi mambo. Atakuja shuleni kumwona akiigiza, akaingia zamu ya kazi, halafu kesho yake anamsifia igizo kana kwamba alikuwapo. Kuna nyumba inajengwa Tabora, ina veranda, haikuwahi kujengwa hata choo. Alishikana mikono na marais watatu. Alikuwa mwanamuziki mkubwa. Mtoto alikuwa anaamini yote, halafu akawa anaamini nusu, halafu akaacha. Mwanamuziki mkubwa alikwenda na maji pamoja na marais na veranda.

Na mimi nilikuwapo pale kila Jumapili ya pili nikiongeza yangu, kwa raha kabisa, kama mtani anavyotakiwa. Nilimwambia binti kwamba baba yake alikuja Canada kwa miguu, kichwani kabeba sanduku la bwana mkubwa. Nilimwambia alikataliwa na wanawake wote wa Tabora mpaka likaitishwa baraza. Mzee naye alimwambia kwamba mimi niliozeshwa kwa mkungu wa ndizi na ukarudishwa. Binti alicheka mpaka akafuta macho. "Nyie wawili," alikuwa anasema, "hamjawahi kusema neno moja la kweli."

Sasa sikiliza. Kulikuwa na duka la Mkongo mmoja karibu na barabara ya Jane, anauza dagaa, mafuta ya mawese, kadi za simu, na pembeni kisanduku cha sidii. Siku moja ananipimia dagaa, akaniwekea sidii moja juu ya mzani. "Mama, hii ni muziki ya kwenu kabisa, ya zamani, chukua." Zilikuwa nyimbo za bendi za dansi za Dar es Salaam, zile zilizorekodiwa redioni nilipokuwa mtoto, Wazungu wamezikusanya wakazitoa upya na kijitabu chenye picha. Nikainunua kwa ajili ya marehemu mama yangu, alipenda wimbo mmojawapo.

Nikaiweka ninapika maharage. Wimbo wa nne ulipoanza, mwimbaji akaimba mstari wa kwanza, na mkono wangu ukasubiri. Ulisubiri wenyewe. Gitaa la ridhimu likaingia limechelewa, na mimi nikazungusha mwiko. Nikauacha mwiko ndani ya sufuria. Nikarudisha wimbo mwanzo. Nilikuwa nimemsikia mtu huyu kwenye ukuta ule ule kila jioni kwa miaka, siwezi kumkosea, kama nisivyoweza kukosea kikohozi cha mwanangu. Kijitabu kilisema aliyepiga ridhimu anaitwa Athumani.

Nikabeba redio pamoja na waya wake mpaka mlangoni kwake. Nikaichomeka pale pale, karibu na viatu vyake. Alisikiliza amesimama. Ulipofika mwisho nikamwambia, "Mzee, huyu ni wewe." Yeye akatoa kichwa nje, akatazama ushoroba huku na huku, hapakuwa na mtu. Akasema kwa sauti ya chini, "Huyo Athumani." Akafunga mlango.

Aliniambia baadaye, chini kwenye chumba cha mashine za kufulia, nguo zake zinazunguka. Ujanani bendi yake ilikuwa ya shirika la umma. Walilipwa mshahara na shirika, walikaa kwenye nyumba za shirika, na ilikuwa marufuku kupiga na bendi nyingine. Ukigunduliwa, kazi huna, na kitanda chako kiko nje siku hiyo hiyo. Bendi pinzani ilikuwa na siku yake ya kurekodi redioni, na mpiga ridhimu wao, Athumani, alikuwa rafiki yake tangu Tabora. Asubuhi ya siku hiyo Athumani ana malaria, hawezi kusimama. Wakamfuata yeye kwa siri. Akaenda, akapiga. Walipomaliza, karani wa redio akatoka na karatasi kuandika majina ya wapigaji. Ilipofika zamu yake, alisema Athumani.

Wimbo ule ukapendwa. Ulipigwa redioni mpaka kwenye harusi na misiba, na Athumani akasifiwa ridhimu yake mpaka akaona haya. Walikubaliana kwamba mambo yakitulia watasema. Hayakutulia. Athumani akafa, mwimbaji akafa, mpiga besi akafa, karani sijui. "Nilidhani nimeazima tu jina," aliniambia. Mashine ikasimama na hakuinuka kutoa nguo.

Nikamwambia tuwaandikie waliotoa sidii. Akatikisa kichwa. Hakutaka Wazungu wajue, hakutaka Dar es Salaam wajue. "Nataka yule mtoto ajue," alisema. "Mengine yote niliyomwambia ni uongo, Mama Neema, najua. Hili moja ni kweli. Nataka nife amelijua hili moja." Hakunitania na mimi sikumtania. Tulikunja nguo zake pamoja.

Jumapili iliyofuata aliniomba niwepo. Binti alikaa kwenye kochi bila kuvua koti, maana nje kulikuwa na theluji na alikuwa na safari nyingine. Mzee akaweka wimbo. Ulipokwisha akasema, "Huyu wa ridhimu ni mimi." Binti akachukua kijitabu, akasoma, akakigeuza amwonyeshe. "Baba, imeandikwa Athumani." Hata picha ilikuwapo, mtu mrefu mwenye suruali pana.

Akamweleza yote. Alieleza vibaya. Alirukaruka, akaingiza na rais mmoja aliyekuja redioni siku hiyo, nikamkanyaga mguu lakini ameshasema. Nikaona uso wa binti unajifunga. Mzee akakimbilia chumbani, akarudi na zile santuri za karibu na kitanda. Akamwonyesha. Huyu wa kinanda cha mdomo, jina lake si hili, alikuwa amefungwa na mkataba, leo dunia nzima inajua kwamba ni fulani. Mambo haya yapo, mwanangu, watu wakubwa wamefanya.

"Dunia ilijuaje?" binti akauliza. Aliuliza kwa upole.

"Waliokuwapo walisema."

"Na waliokuwapo na wewe?"

Mzee akabaki na santuri mkononi. "Wamekufa," akasema.

Ndipo alipokwenda kulishusha gitaa. Hakuwahi kumpigia binti yake hata siku moja, ndivyo alivyokuwa, nilishasema. Akakaa kwenye stuli, akaniashiria niuweke wimbo. Mimi nilikuwa nimeshajua hali ya vidole vyake, kupitia ukuta nilikuwa nimesikia majira yale ya baridi jinsi sehemu nyingine zilivyoanza kupotea. Dawa ya kusafishia vyoo na miaka na baridi. Akaingia mapema. Yeye, ambaye hakuwahi kuingia mapema maishani mwake, aliingia kabla ya mwimbaji kumaliza neno, akapotea, akatafuta, akapata kipande, kidole cha tatu kikakataa. Wimbo ukaendelea bila yeye. Yule kijana wa redioni alikuwa anapiga vizuri sana, na mzee alikaa anamsikiliza, mkono uko juu ya nyuzi.

Binti akainuka, akamkumbatia kichwa pale pale kwenye stuli. "Haina shida, Baba," alisema. "Haina shida kabisa." Alisema hivyo kwa huruma ya kweli, na ningependa zaidi angemtukana.

Nikamfuata mpaka kwenye lifti. Nikamwambia, mwanangu, ni yeye, mimi nimemjua kabla hajaniambia, nimemsikia miaka kwenye ukuta. Akanishika bega. "Anti," akasema, "na wewe ulisema alikuja Canada kwa miguu." Akatabasamu, lifti ikafunga. Nilirudi kwangu nikalia nikiwa nimesimama jikoni. Miaka yote nilimchekesha mtoto yule kwa uongo wa utani, na ilipofika siku ya kweli sikuwa na mdomo wa kuisema.

Baada ya hapo ukuta ulinyamaza. Sikusikia gitaa tena, na baadaye sikusikia hata santuri. Nikigonga anafungua, tunakunywa chai, tunataniana, lakini utani wake ulikuwa wa kunifurahisha mimi. Siku moja nilimkuta ameweka santuri, sindano imefika mwisho inakwaruza tu, na yeye ametulia. Nikamwuliza nani yuko nyuma. Akaniuliza, "Nyuma ya nini?"

Nilidhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni na kitu kingine pia. Akaanza kushuka lifti na kusahau ghorofa yetu. Akavaa koti la mistari usiku, akakutwa kituo cha basi anasubiri kwenda zamu. Binti alifanya yote ambayo mtoto anatakiwa kufanya, wala simlaumu. Akamtafutia nyumba ya kulelea wazee, safi, ina dirisha kubwa. Akafungasha vitu. Zile santuri alizipeleka duka la mitumba, maboksi kwa maboksi, na mimi nilikuwa kazini siku hiyo. Nilipouliza, alisema alidhani hakuna anayezitaka. Ukweli ni kwamba baba mwenyewe alikuwa hajaziulizia.

Mara ya mwisho kumwona tukiwa pamoja wote watatu ilikuwa Jumapili ya baridi kali, treni mpya za uwanja wa ndege zimeshaanza kupita nyuma ya majengo yetu. Nilimkuta amekaa dirishani, amevalishwa sweta la mtu mwingine. Aliniita dada, kwa adabu. Nikamwuliza leo anabeba mzigo wa nani, akasema hafanyi kazi hiyo, samahani. Mnyamwezi kuniomba radhi mimi. Nikakaa kitandani.

Binti akaingia na vyombo vyake vya plastiki. Alikuwa amebadilika kidogo, sikuelewa mpaka alipotoa simu. Alisema aliukuta ule wimbo kwenye mtandao. Alisema amekuwa akiusikiliza ndani ya gari, kwenda kazini na kurudi, majuma mengi sasa. "Lile gitaa, Anti," akaniambia kwa sauti ndogo. "Linachelewa. Nilikuwa sisikii, sasa nasikia kila mara. Na Baba nikiwa mtoto alikuwa ananigongea mgongoni nilale, hivi, hivi." Akagonga kwenye ukingo wa meza, na mkono wake ukachelewa vilevile. Macho yake yalikuwa mekundu. Alitaka kuamini, alikuwa ameshafika mlangoni, alibaki kusukumwa tu.

Akapiga magoti mbele ya kiti. Akaweka simu kwenye mapaja ya mzee, akaufungua wimbo. Mzee akainamisha kichwa. Mimi nikawa natazama mikono yake, na mkono wa kulia ukaanza, juu ya blanketi, sehemu ya nyuma, umechelewa pale pale panapotakiwa. Nikamkonyeza binti atazame mkono, lakini yeye alikuwa anatazama uso.

Wimbo ukaisha. Akamwuliza kwa Kiswahili, mara ya kwanza kumsikia akiuliza kitu kwa Kiswahili, maneno yanajikwaa: "Baba, niambie. Nani anapiga gitaa hapa?"

Mzee akamtazama kwa makini. Halafu akageuka akatazama mlango wa chumba, upande huu na upande ule. Niliona. Nilijua kinachokuja, na sikuwa na pa kukikamatia.

"Athumani," akasema.

Binti akainuka. Akachukua simu, akaizima, akampangusa baba yake mdomo ingawa haukuwa na kitu. Nikamwambia haraka, "Mwanangu, umemwona? Ametazama mlango kwanza, anaogopa, anadhani wewe ni..." Akainua mkono kunizuia. "Anti, tafadhali. Sasa basi." Akasema kwa Kiingereza kwamba afadhali hata hivyo, kwamba angalau mwishoni baba amesema ukweli na hana kinyongo naye. Akambusu kichwani. Akapanga vyombo kwenye friji ndogo, kila siku na siku yake, akavaa koti na kuondoka, viatu vyake nikavisikia mpaka mwisho wa ushoroba.

Nikabaki na yule mzee. Theluji ilikuwa inaanguka dirishani na hakuitazama. Alisubiri mpaka viatu vikanyamaza, akaniinamia.

"Wameondoka watu wa redio?"

"Wameondoka," nikasema.

"Waliandika?"

"Waliandika."

"Waliandika Athumani?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka kumwambia jina lake, lile nililolisoma kwenye kisanduku chake cha barua miaka yote ile, nimwambie wameandika hilo. Lakini alikuwa amenishika mkono kwa hofu ya kijana anayeweza kutolewa kwenye nyumba yake leo hii.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Waliandika Athumani."

Akaniachia mkono. Akaegemea kiti, uso umetulia kuliko nilivyowahi kuuona. "Ahsante, dada," akasema. "Basi tumesalimika."